Nati Namba Kumi na Nne

Jua bado liko Nyali, halijavuka daraja.
Hapa Tudor nawasha gari dakika tano, kisha nalizima.
Oili baridi huteremka kwa kusitasita
kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini;
ikipata joto kidogo, inasema yote.

Nimeweka mawe mawili nyuma ya magurudumu,
matumbawe yaliyobaki tulipojenga choo.
Nimepiga jeki, nimesimamisha kipande cha boriti,
nimegonga bodi kwa kiganja mara tatu, hodi,
maana siingii chini ya tani moja bila idhini.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka ishirini na mbili
nawaoshea vidato chupa zao,
nawawekea msumari ndani ya maji ya chumvi:
siku ya kwanza unang'aa,
siku ya nne umeota manyoya mekundu.
Sasa nimelala chali juu ya gunia la mchele
na lile jaribio liko juu ya pua yangu,
upana wa Nissan nzima,
na hakuna wa kulisahihisha.

Mji huu hewa yenyewe inakula chuma.
Inakula kwa adabu, ikianzia pembeni,
kama mgeni aliyekaribishwa sinia la wali.
Ndiyo maana nikivuka feri ya Likoni
nikirudi nalimwagia gari maji ya mfereji chini kwa chini.
Majirani huosha vioo. Mimi huosha tumbo.

Nati imekataa.
Fundi Mbwarali aliikaza mwaka jana kwa hasira
siku ile nilipomuuliza
mbona filta mpya ina vumbi la zamani.
Nikaitia mafuta ya taa. Nikanywa chai, mbaazi, mahamri mawili.
Nikarudi na kipande cha bomba, nikakivika spana
ili mkono wangu uwe mrefu kuliko kinyongo chake.
Krrk.
Ikamwagika nyeusi, ya moto,
ikanifuata kiwikoni hadi kwapani.

"Mamangu, wafanyani huko chini?"
Ni Nyevu, dirisha la juu, mswaki mdomoni.
"Namwaga."
"Wamwaga nini?"
"Ya mwaka jana."

Filta nikaipaka mpira wake oili kwa kidole,
nikaikaza kwa mkono tu. Mkono watosha.
Anayekaza filta kwa spana anamtegea mtu wa kesho,
hata kama mtu wa kesho ni yeye.

Kisha galoni. Shilingi elfu tatu na mia mbili.
Chupa ya soda niliyoikata ndiyo faneli.
Lita ya kwanza nilihesabu kwa sauti,
ya pili ikawa inaimba kooni mwa chupa,
na Nyevu akatema povu, akauliza:
"Na kile kidude juu ya jiwe, ni cha wapi?"

Nati.
Imekaa juani, inameremeta, nimeisugua mwenyewe.
Na chini ya gari asali inateremka,
lita mbili, ya dhahabu,
moja kwa moja ndani ya beseni la weusi.

Nilicheka hadi nikakaa chini.
Miaka ishirini na mbili naandika ubaoni:
SOMENI HATUA ZOTE KABLA YA KUANZA.

Saa tano niko Mwembe Tayari, kwapa jeusi,
nanunua galoni ya pili.
"Mama, kwani una magari mangapi?"
"Mawili," nikasema. Nikalipa.

Ile ya beseni Nyevu aliichukua
apake nguzo za banda lake la kuku.
Sikuimwaga mtaroni; mtaro wetu unaishia kwenye mikoko.
Mwaka huu mchwa wa Tudor
wataonja oili ambayo haijapata kuiona injini.

Jioni nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa koti la kazini,
nikakichovya tena: kati ya alama mbili.
Usiku nikatandika gazeti chini ya sampu.
Asubuhi, tone moja.
Nimelizungushia kalamu. Nimeandika tarehe.