Daftari la Kibati

Kibati chetu ni wanawake kumi na wawili wa Konde,
elfu tano kila Ijumaa baada ya alasiri,
na daftari nalishika mie,
si kwa kuwa nimewashinda hesabu,
mwandiko wangu tu ndio unaosomeka.

Ukurasa wa kwanza una raha yake:
Salha, mabati sita.
Bi Riziki, mlango wa choo.
Mwanakheri, godoro la mwari, na chenji akanunua vikombe
ambavyo hadi leo hajatunywesha.

Kisha Mkasi.
Zamu yake ilikuwa ya tisa. Akaja juma la nne,
hakuketi, akasimama kizingitini na viatu mkononi:
"Shaame kichupa chake kimekwisha,
na Wete wamenambia nirudi Jumatano."
Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.
Hesabu ile sikuihitajia kalamu.

Mtoto ana miaka kumi na mmoja.
Sukari, wanasema, maradhi ya wenye shibe.
Basi nionyesheni hiyo shibe:
asubuhi muhogo na chai ya rangi,
jioni muhogo ule ule, umebadili sufuria.

Mbu ana wafadhili. Hilo nimeliona kwa macho.
Walikuja na gari, wakapuliza kuta
mpaka banda la kuku; tukapewa neti bure,
na yangu iliyochanika sasa inalinda mchicha.
Sisemi vibaya, homa imepungua, alhamdulillahi.
Ila sukari haina mbu. Haizaliani dimbwini
ikapigwa picha, ikahesabiwa, ikatangazwa kwisha.
Inakaa na mtu. Inakula naye sahani moja
na kila mwezi inadai kodi.

Tukampa. Zamu ya Tatu ikasogea,
Tatu akanuna, akasonya, kisha ndiye huyo huyo
aliyempakia Mkasi kwenye baskeli hadi dukani kwa Faki
kuomba nafasi ndani ya friji.
Insulini ya Shaame inalala kati ya soda na malai ya ubuyu,
imeandikwa jina kwa wino wa bluu.
Faki hatozi kitu, ila umeme ukikatika
hupiga ukelele njia nzima isikie:
"Mkasi! Njoo na mtungi!"

Mwezi uliofuata akaja tena.
Na uliofuata.
Hapo ndipo kibati kilipoanza kutoa siri.
Salha akasema vidonge vyake vya presha
huvikata, nusu leo nusu kesho,
"mishipa nayo ijifunze kubana matumizi."
Tukacheka. Bi Riziki hakucheka.
Mumewe alijifunza hivyo hivyo,
na sasa analishwa kwa kijiko, mkono wa kulia
umelala pajani kama wa mtu mwengine.

Nimepiga hesabu usiku kwa tochi ya simu.
Nyumba sita kati ya kumi na mbili.
Elfu sitini haziwi laki mbili
hata uzikunje vipi.
Karafuu zikichumwa tutapumua miezi miwili,
kisha mikarafuu itapumzika,
maradhi hayapumziki.
Haba na haba hujaza kibaba, naam.
Nami nauliza kile kibaba kikubwa, cha serikali,
kinajazwa na nani, na kinamiminwa wapi
kikifika zamu yetu.

Sheha ameomba orodha, majina na maradhi,
aipeleke juu. Juu wapi, hakusema.
Nimeiandika kwa mwandiko wangu wa Idi:
Shaame wa Mkasi, sukari. Salha, presha.
Mume wa Bi Riziki. Mama yake Tatu, figo. Mwanakheri, moyo.
Tano.

Ya sita ni karatasi ya zahanati, imekunjwa mara nne
ndani ya jalada la daftari tangu Mfungo Sita,
namba juu ya namba, na mstari mwekundu chini yake.
Penseli nimeichonga mara mbili.
Sheha anakuja kesho asubuhi.