Jicho la Upepo

Mzee Garthwaite ametia vioo miaka arobaini na sita
katika nyumba za mawe za bonde la Swale,
na sasa mtoto wa jicho amemwingia:
la kulia lote, la kushoto nusu.
Bado hupima kwa kidole gumba.
Bado hujua kioo kibovu kwa mlio wake.

Jumanne, mvua ikinyesha kwa ubavu,
mjukuu wake Thirza kaja na kamusi ya maktaba,
nene, inanuka koti lililolowa.
"Babu, window, neno la kazi yako, wajua lilizaliwa wapi?"
"Nimelikata kwa almasi. Sijalisoma."

Akamsomea.
Kabla ya kioo, kabla ya bawaba,
Waingereza wa kale walisema tundu la jicho,
na wengine mlango wa jicho.
Kisha wakaja watu wa kaskazini na mashoka,
na waliochoka mashoka wakashika majembe,
wakaoa, wakaazimana chumvi,
na katika kuazimana chumvi
neno likaingia kwa mlango wa jikoni:
vindauga.
Vindr, upepo. Auga, jicho.
La wenyeji likafa bila matanga.

(Langu mimi, dirisha, lilitoka Uajemi
likiwa mlango mdogo tu.
Sijui nani alikonda hata akapita.)

Mzee kanyamaza, kidole kikizunguka mdomo wa kikombe.
"Jicho la nani?
Letu, tunaouchungulia upepo,
au lake, unaotuchungulia sisi?"

Thirza akapekua mbele, akapekua nyuma.
Kamusi hutaja ukoo,
haisemi usiku wa harusi walizungumza nini.

Ghorofani kuna moja lililozibwa kwa mawe
tangu zama za kodi ya madirisha,
mfalme alipouza mwanga kwa hesabu.
Utotoni mzee alilala chini yake,
na anaapa lilikuwa likivuma.
"Hilo," akasema, "walilifumba. Hawakulitoa."

Kisha akainuka, akapapasa komeo, akafungua.
Upepo ukaingia bila hodi,
ukafunua kurasa hadi herufi nyingine kabisa.
Macho hayana pazia, tusemavyo sisi;
hili lilikuwa nalo, la maua ya bluu,
likampiga Thirza usoni.

"Alhamisi ni Northallerton," mzee akakumbuka.
"Wananitoa ukungu, wanatia kigae kipya.
Waambie wapime mara mbili."