Neno Hiari, Mara Kumi na Nne

Nimeliandika neno hiari mara kumi na nne
katika waraka wa kurasa ishirini na mbili.
Najua idadi kwa sababu wakili wa Baraza la Ushindani,
hapa Riga, amenitaka nihesabu kwa sauti,
na mimi, Maruta Spriņģe, karani wa kumbukumbu,
sijawahi kukosea hesabu.

Ilianza kwa kidole.
Tusilisahau hilo.
Mtoto wa darasa la pili, huko Kuldīga,
alikunja kiti cha chuma, kiti nacho kikamkunja:
pingili moja ya kidole cha shahada ikabaki kwenye bawaba.
Mama yake alituletea picha ndani ya bahasha ya kaki.
Watengenezaji saba wa samani za shule
wakanyamaza mezani, na kimya kile
kilikuwa cha kweli, nakiapia.

Tukaandika: bawaba zizibwe. Ncha ziviringwe.
Kiti cha mtoto wa miaka saba kisizidi kimo cha goti lake.
Vizuri. Nani angelipinga goti?

Kisha ikaja baridi, na kifungu cha tisa:
gundi ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa.
Maabara ilikuwa moja nchi nzima,
na ufunguo wake ulining'inia
kiunoni mwa mwenyekiti wetu, bwana Tālivaldis.
Nani kalazimishwa? alisema. Ni hiari.
Nikaandika: hiari.

Husemwa hiari yashinda utumwa.
Mimi nimeiona hiari ikivaa kofia ya askari.
Manispaa moja ilinakili kiwango chetu kwenye zabuni,
ya pili ikanakili ya kwanza,
na kufikia Machi hapakuwa na shule ya kununua kiti
kisicho na muhuri wetu.

Aivis Krūklītis hakuwa na muhuri.
Alikuwa na mbao za mbetula, randa ya babu yake
na vijana wawili wanaojifunza kazi.
Viti vyake vimekaliwa miaka thelathini:
vina majina yaliyochorwa kwa ncha ya bikari,
vina chingamu chini yake, ngumu kama changarawe,
na miguu yake haiyumbi.
Kuipima gundi kungemla viti mia.
Alituandikia barua ya mistari minne.
Niliitia kwenye faili.

Wakili ana sauti ya upole, kama daktari wa meno.
Sheria, anasema, haikatazi watu kukubaliana juu ya goti;
inauliza nani kafungiwa nje, na nani kashika komeo.
Kisha: ukurasa wa sita.
Kuanzia saa nne na robo hadi saa tano kasorobo
umeandika neno moja tu. Chai.

Chai, ndiyo.
Palikuwa na mkate mweusi wenye kisibiti.
Palikuwa na bei: asishuke mtu chini ya kiasi hiki.
Shule za pwani kwako, za mashariki kwangu,
wakaigawana ramani huku wakipitishiana siagi.
Mwenyekiti aliitazama kalamu yangu,
nami nikaifunika kwa kifuniko chake.
Hakuna aliyenishurutisha.
Hiyo ndiyo ya kumi na tano, wakili. Iandike.

Lakini msikichane kiwango chote.
Kidole kile hakijaota.
Ondoeni kifungu cha tisa, acheni bawaba.

Asubuhi, kabla hawajaniita,
nilingoja ukumbini kwenye kiti cha mbao, kifupi mno,
magoti yakinijia karibu na kidevu.
Niliinuka, nikakipindua kama fundi, kama mwizi,
nikitafuta muhuri.
Palikuwa na tundu la skrubu
na maandishi ya penseli: Zane, 6B.
Nikakisimamisha tena, polepole,
kisipige kelele sakafuni,
nikaketi
kama aliyetumwa ofisini kwa mwalimu mkuu
na anajua kwa nini.