Dawa ya Mzio

Baba alirudi kutoka kliniki ya Şişli
na utepe mweusi kipajini kama bondia,
vinyweleo elfu tatu na mia mbili
vimeng'olewa kisogoni, vimepandwa utosini,
kimoja kimoja, kama miche ya vitunguu.

Alikwenda moja kwa moja mkahawani.
"Nevzat, inama tuone!" Akainama.
Kinyozi Rıfkı akahesabu safu kwa kijiti cha meno,
muuza samaki akauliza bei,
akauliza tena kama wanapokea kwa awamu.
Chai ya siku ile hakulipa.
Kichwa kilimvimba, kwa maana zote mbili.
Wakasema: huyu ndiye mwanamume anayejijali.

Mama alikwenda wiki tatu baadaye,
kliniki ileile, ghorofa ileile,
kwa pesa za kushona vifungo, miaka kumi na tisa ya vifungo,
akanyanyuliwa kope zilizokuwa zikimwangukia
kama pazia lililokatika kamba.
Alirudi usiku, kwa ngazi za nyuma,
miwani myeusi, kilemba hadi nyusi.

"Msiseme kwa watu," baba alituambia,
akijitazama kwenye kioo cha kabati.
"Watanicheka."

Mimi ndiye niliyeficha barafu yake
nyuma ya mtungi wa zeituni.
Mimi ndiye niliyesema mlangoni: ni mzio,
chavua za Aprili, atapona.
Na marhamu ilikuwa moja, tyubu moja,
asubuhi kichwani kwa baba, jioni machoni kwa mama,
na kidole kilekile changu.

Shangazi Müzeyyen alileta supu, akachungulia chini ya miwani.
"Mtu aliyekula chumvi kama wewe, Şükran,
unamrembulia nani?"
Kisha akageuka, akambusu baba utosini,
polepole, penye magamba,
asije akang'oa mche.

Oktoba, harusini kwa binamu yangu,
wanawake walimwambia mama: umenawiri, umelala vizuri?
Vizuri sana, alijibu.
(Halali vizuri. Kope hazikutani bado.
Usiku naona mstari mweupe wa jicho
ukilinda chumba.)

Meza ya pili baba alikuwa anasimulia sindano,
mara ya nne jioni ile,
na vijana walikuwa wamezunguka, wanamshika nywele.
"Maumivu? Mwanamume hasemi maumivu."
Wakapiga makofi.

Mama aliweka uma chini.
Akamtazama,
macho yamefunguka yote,
wala hakupepesa.