Fungate ya Siku Nne

Meza yetu ina miguu mitatu mizima,
wa nne umeegemea kamusi ya Kirusi ya baba yako.
Juu yake tumetandaza ramani ya Svaneti,
tukaigandamiza kwa chupa ya siki, kisu cha mkate,
na kile kikopo cha chai tulichokihesabu mara tatu
kana kwamba pesa huzaana zikiguswaguswa.

Hazikuzaana. Ni za siku nne.

Fungate kamili ni siku saba, wasema wanaojua.
Sisi tutakula nne,
tatu tutaidai dunia.

Naandika kwa penseli, maana kalamu ina kiburi.
Siku ya kwanza: basi dogo la alfajiri kutoka Kutaisi,
wewe dirishani, mimi begani mwako.
Dereva atavuta sigara kwenye kona kali
na kuachia usukani penye kila kanisa
ajipigie msalaba mara tatu, bila haraka.
Zugdidi tutanunua jibini na matango,
kisha barabara itaanza kupanda na mto Enguri utabaki chini,
ukipiga kelele peke yake.

Siku ya pili: Mestia. Minara ya mawe, kila ukoo na wake,
toka enzi jirani alipochunguliwa kwa tundu la mshale.
Tutalala kwa Nargiza, binamu wa bosi wangu wa duka la dawa.
Chumba kina vitanda viwili vya chuma.
Nimeuliza: vinasogezeka.
(Ukainama kutafuta penseli, na penseli ninayo mimi.)

Siku ya tatu, Gocha, sikiliza:
viti vinavyopanda mlima kwa waya,
miguu yetu ikining'inia juu ya misonobari,
hadi kule mawingu yanakoonekana mgongo—

Hapo ukakunja pembe ya ramani.
Ukaikunjua.
Ukaikunja tena.
"Tamta," ukasema, "mimi naogopa mahali pa juu."

Wewe! Fundi wa lifti
wa maghorofa yote ya ng'ambo ya Rioni!
Wewe uliyenitoa kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
mwezi wa Februari, na keki ya watu kifuani,
ukininyooshea mkono kama mtu anayeomba kucheza!

"Lifti haina dirisha.
Na chini huwa sitazami.
Siku ile nilikutazama wewe."

Nikacheka hadi chupa ya siki ikalala.
Siki ikashuka mabonde, ikazamisha madaraja,
ikafika Ushguli kabla yetu, bila nauli.

Haya, lete kifutio. Lete na kitambaa.
Siku ya tatu tutakwenda kwa miguu, polepole,
hadi kwenye kidevu cha mto wa barafu wa Chalaadi.
Tutakaa chini, juu ya jiwe, tule mkate wa nyama
na kuuacha mlima uwe juu peke yake, ndiyo kazi yake.
Siku ya nne sijaandika kitu.
Ina doa la siki tu.

Unajiona umeokoka, unapiga mluzi ukikausha ramani.
Njiani kuna daraja la kuning'inia,
la mbao na kamba za chuma,
na maji ya kijivu yakikimbia katikati ya mbao.
Sitakuambia leo.
Tukifika nitatangulia,
nitembee kinyumenyume mbele yako,
taratibu,
usipate kingine cha kutazama.