Asiyekuwepo na Lake Lipo

Hakuna aliyekufa. Nalisema mapema
usije ukasoma huku umeshika pumzi.

Jumatatu, mwisho wa Oktoba.
Dhoruba ilikuwa imeuangusha mnara unaoitazama Dalur,
na muuguzi Rannvá akaendesha gari bila mtandao
hadi kwa Bi Eydna, waipa zimeshindwa,
kondoo wamejibanza ukutani.
Alipima presha. Akahesabu vidonge.
Akaandika simuni: vya moyo, viwili, jioni.
Programu ikamjibu nilivyoifundisha:
"Imehifadhiwa. Nitatuma tukipata njia."

Sentensi hiyo ni yangu.
Sijaandika nyingine iliyosomwa na watu wengi hivyo
wenye vidole vilivyolowa.

Maana kazi yangu, nikiulizwa harusini,
ni kuubishia msemo mmoja tu:
asiyekuwepo na lake halipo.
Nasema lipo. Liko kwenye foleni,
limejikunja ndani ya simu, chini ya koti la mvua,
linangoja upenyo.
Simu ikitoka handakini inabisha hodi
kwa seva ya Tórshavn, nayo inamwamsha mwenzake Reykjavík,
na wa tatu, Ireland, ambaye sijui hata yuko ghorofa ya ngapi,
na wote watatu wanapaswa kukubaliana
kuhusu vidonge vya bibi mmoja.

Saa mbili na dakika arobaini, asubuhi hiyo hiyo,
daktari akiwa mjini aliandika: kimoja.

Rannvá alikuwa ameandika saa mbili na kumi.
Lakini usiku wa kuamkia Jumapili
saa zote za visiwani zilirudi nyuma saa moja,
na simu yake, ambayo mwanawe aliichezea
ili apate ushindi kwenye mchezo fulani,
haikurudi.
Yenyewe ilisema: saa tatu na kumi.

Na mimi, miaka minane nyuma, usiku,
mkate baridi mkononi, niliandika mstari huu:
zikigongana, wa mwisho kuandika ndiye mkweli.
Nikaridhika. Nikalala.

Basi mnara uliposimama tena, saa tisa alasiri,
neno la kale likapanda juu ya neno jipya
bila kelele, bila taa nyekundu,
na seva zote tatu zikakubaliana.
Hilo ndilo linaloniuma.
Zilikubaliana vizuri.

Jioni Heini wa zamu akaweka viwili kwenye kisosi.
Bi Eydna akakisukuma kimoja kwa kidole.
"Daktari kanipigia mwenyewe. Kimoja."
Heini akamwonyesha skrini.
Bibi akavaa miwani, akaisoma yote, hadi namba ya toleo,
akaivua.
"Hiyo haikuwepo tulipokuwa tunazungumza."

Heini alinipigia nikiwa napara samaki.
Nilifungua msimbo na magamba kwenye kucha,
nikautazama mstari wangu
kama unavyotazama picha yako ya ujana
umevaa suti ya kuazima.

Siku nne sikutoka.
Sasa kila simu huhesabu hatua zake yenyewe
wala haiamini saa ya mtu.
Zikigongana, nakala zote mbili hubaki, ubavu kwa ubavu,
na programu, niliyotaka sana iwe na majibu,
huuliza.

Rannvá amelalamika. Amesema inauliza mno,
kama mtoto kwenye safari ndefu.
Juzi, nje ya nyumba ya Bi Eydna,
injini tayari inanguruma, ikamuuliza tena:
"Viwili, au kimoja?"

Akazima gari.
Akarudi mlangoni,
akagonga.