Bega la Kulia

Ulianza mwezi wa tano, nikivuka Mpapura,
mshale ukigusa themanini:
mluzi.
Si wa mtu anayeita mbuzi,
ni wa mtu anayejua jambo lako na hataki kulisema.
Nikishuka hadi sabini, kimya.
Nikikanyaga, huyo.

Dadi, utingo wangu, alisema ni keria.
Tukaifungua, tukaiacha kwa shangazi yake Mikindani,
kuku wakapata pa kulala.
Mluzi ukabaki.
Fundi wa kwanza akasema antena.
Wa pili akabadilisha mpira wa kioo cha mbele,
akala elfu arobaini yangu, akanipa mkono wa kheri,
na nilipofika Ndanda ulikuwa umepanda sauti
kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Tukabandika selotepu kila penye mshono,
boneti, vioo vya pembeni, kona za paa,
pikapu ikafanana na mgonjwa aliyetoroka wodini.
Kila kilomita tano tunasimama,
Dadi anabandua kipande, tunaondoka, tunasikiliza.
Polisi wa Mnazi Mmoja akauliza, "Mama, umebeba nini?"
"Salfa. Ya mikorosho."
"Na hizo bandeji?"
"Upepo," nikasema.
Akaturuhusu upesi, kama anayeogopa kuambukizwa.

Jumapili nafua.
Mashati sita ya kazi, povu la njano ndani ya beseni.
Salfa haina adabu, huingia hata kwenye chumvi.
Nikasugua kola, nikasugua mgongo,
nikafika begani, mkono ukasita.
Nikaliinua la Ijumaa: bega la kulia.
La Alhamisi: la kulia.
La kushoto safi kama siku ya duka.
Na mifuko naipakia kwa mabega yote mawili.

Shati la sita sikulifua.
Nikalipeleka Chikongola kwa Mfaume,
fundi asiye na kibao wala kiti cha mgeni.
Akalinusa. Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.
"Umetembea na ramani mwilini, dada,
halafu unauliza njia."

Akanidai noti. Nikampa ya elfu mbili.
Akaibana kwenye mlango wa Dadi, akavuta: iking'ang'ania.
Akaibana kwenye wangu, kona ya juu, nyuma ya sikio langu:
ikateleza, ikatoka
bila hata kujikunja.

Fremu imepinda, akasema. Kidogo. Unene wa ukucha.
"Nani anauning'inia huu mlango?"
Nikamtazama Dadi.
Dadi akavitazama viatu vyangu.
Mimi mfupi, gari refu.
Miaka sita, kila alfajiri, napanda
kwa kuushika mlango shingoni.

Hakunisema.
Aliweka kabari ya mninga kiunoni mwa mlango,
akaegemeza viganja juu, akasukuma
kama anayemrudisha mlevi ndani asiwaamshe watoto.
Akaufungua, akaupima kwa jicho, akasukuma tena.
Akachana mpira wa baiskeli, ukanda mwembamba,
akaulaza nyuma ya mpira wa mlango.
Noti ile ile. Kona ile ile.
Akavuta. Ikakataa.
"Basi," akasema, "imejichagulia kwake,"
na hiyo ndiyo ikawa bei.

Jumatatu, Mpapura, themanini.
Kimya.
Themanini na tano.
Kimya, mpaka nikasikia saa yangu ya mkononi.
Nikasikia beringi ya gurudumu la nyuma ikiguna,
ugonjwa mpya, au wa zamani uliokuwa ukisubiri zamu.
Nikamsikia na Dadi,
ambaye miezi miwili nilidhani anasinzia,
midomo ikicheza dhidi ya kioo:
"Dada, kama unavyojua, vitu vimepanda bei..."
Akakosea. Akaanza upya.
"Dada, mimi si mtu wa maneno mengi..."

Nikashusha kioo changu.
Kidole kimoja tu.